Kabla Hujaigusa Skrubu Ile

Mwanangu, jana alasiri nilipita gerejini nikakukuta umeinama juu ya Mercedes 230E ya rangi ya maziwa, alenki mkononi, unaitafuta skrubu ya kurekebishia mchanganyiko wa hewa na petroli. Sikukusemesha. Fundi hakosolewi mbele ya mwenye gari, ndivyo nilivyolelewa. Lakini usiku usingizi ulinipaa, na baada ya sala ya alfajiri nikaona ni heri niyaandike haya, uyasome wewe na wenzako mnaofanya kazi chini ya ule mwarobaini.

Niambie kwanza: ulikuwa umepima nini kabla ya kuishika alenki?

Alichokwambia mwenye gari ninakijua, maana nimeambiwa maneno hayo hayo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Gari linawaka vizuri. Likisimama linanguruma bila shida. Ukikanyaga mafuta ili uondoke, linasita. Kwa muda wa kupepesa jicho nguvu inapotea, kisha inarudi ghafla na gari linaruka mbele. Huko ndiko kusita. Usikuchanganye na kumisi. Gari linalomisi lina silinda isiyofanya kazi, na utalisikia hata limesimama, linatikisika kama mtu mwenye homa ya baridi. Usikuchanganye pia na kukosa nguvu, ambako gari linaondoka vizuri lakini mlimani linachoka. Kila moja lina njia yake ya kutafutwa, na fundi anayeyaita yote “gari linasumbua” amejifunga macho mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua boneti, kaa na mwenye gari. Muulize: linasita asubuhi tu likiwa baridi, au likishapata moto? Linasita linapoondoka, au hata ukiwa kwenye kilomita 80 unataka kulipita lori? Linasita tanki likiwa limejaa, au likikaribia kwisha? Lilianza lini? Na swali ambalo vijana wengi hamliulizi: wiki ile lilipoanza, nani alikuwa ameligusa, na aligusa nini? Swali hilo la mwisho limenionyesha mipira iliyosahaulika kurudishwa na nyaya zilizochomekwa pasipo pake mara nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Sasa nisikilize kuhusu injini yenyewe, maana ninahofia kwamba unaitibu bila kuijua. Magari unayoyazoea ni ya juzi. Unachomeka mashine, inakuandikia namba ya kosa, unaanzia hapo. Sina ugomvi na mashine hiyo, ni chombo kizuri. Lakini 230E ya umbo lile ilianza kutengenezwa mwaka 1980, na haina tundu la kuichomekea. Mfumo wake wa mafuta ni K-Jetronic wa Bosch, uliotoka mwaka 1973 kwenye Porsche 911 kisha ukaenea kwenye magari mengi ya Ulaya. Herufi K inasimamia neno la Kijerumani lenye maana ya mfululizo, kwa sababu nozeli zake hazifungui na kufunga kwa zamu kama za magari ya leo. Injini ikiwaka, zinapuliza petroli muda wote bila kukoma. Kinachobadilika ni wingi tu, na wingi huo unaamuliwa na mizani.

Ndiyo, mizani, na ukiishika picha hiyo umeushika mfumo mzima. Hewa yote ya injini lazima ipite kwenye sahani ya duara iliyo chini ya chujio la hewa. Injini ikivuta pumzi, sahani inasukumwa chini. Mkono ulioishika unapinda kwenye mhimili wake kama mizani ya dukani, na upande wa pili unainua planja ndogo ndani ya distribyuta ya mafuta. Planja ikipanda inafungua nyufa nyembamba mno za kupitishia petroli, moja kwa kila silinda. Hewa nyingi, petroli nyingi. Hewa kidogo, petroli kidogo. Ukikanyaga mafuta kwa ghafla, sahani inazama kupita kiasi kwa muda mfupi mno, na kule kuzama kupita kiasi ndiko kunakoipa injini tone la ziada la kuondokea. Ndiyo maana sahani iliyoshikwa na uchafu wa mafuta mazito, au iliyohama katikati ikawa inakwaruza ukuta, inaleta kusita hata kama kila kitu kingine ni kizima. Hiyo ni ya kuifuta na kuiweka sawa. Haihitaji kifaa kipya wala skrubu.

Mizani hiyo ina udhaifu mmoja mkubwa. Inapima kile tu kinachopita juu yake. Hewa ikiingia baada ya sahani, kwa ufa au kwa mpira uliolegea, mizani haina habari nayo, na petroli yake haitoki. Sisi tuliokulia Tanga tunaijua biashara ya njia za panya karibu na mpaka wa Horohoro: mzigo unaingia nchini lakini forodhani haukuandikwa. Hewa ya namna hiyo mimi naiita hewa ya magendo. Injini inapata pumzi nyingi na chakula kidogo, na hapo ndipo inaposita.

Mwaka 1994 nililetewa gari la aina hiyo hiyo na mzee mmoja mstaafu aliyekuwa amelinunua mnadani. Malalamiko yake yalikuwa yale yale ya mteja wako wa jana. Nilikuwa na umri unaozidi wako kidogo, na sifa zangu zilikuwa zimeanza kuvuka Ngamiani. Nilisikiliza injini dakika moja, nikachukua alenki, nikaizungusha skrubu kidogo sana ili mchanganyiko uwe mzito. Gari likaacha kusita palepale. Mzee alifurahi, akanilipa na kuniongezea. Akapanda nalo Lushoto kwa wakwe zake, kutoka Mombo mpaka juu bila kukwama.

Miezi michache baadaye lilirudi. Plagi zilikuwa nyeusi kama zimechovywa kwenye masizi. Nilipochomoa kijiti cha oili nikanusa petroli. Unajua maana yake: petroli isiyoungua ilikuwa imeteremka kwenye kuta za silinda, ikaosha oili iliyopaswa kuzilinda, ikachanganyika na oili ya chini. Ringi zilikuwa zimekula kuta, na moshi wa bluu ukawa unatoka nyuma. Injini ikahitaji ovaholi. Tulipoitoa distribyuta na nyumba ya sahani, nikauona mpira mpana unaokaa chini yake, ule unaounganisha nyumba ya sahani na mlango wa hewa. Ulikuwa na ufa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kufungua. Injini ikinguruma taratibu, midomo ya ufa ilikuwa imefungana. Ikitikiswa na mvuto wa kuondoka, ilifunguka. Mpira mmoja uliokauka. Ningeupata siku ya kwanza kama ningetumia saa moja ya kutafuta badala ya dakika moja ya kuzungusha.

Nilimweleza mzee ukweli, nikaifanya ovaholi bila kuchukua ujira. Vipuri alilipa yeye, kwa kuwa mimi sikuwa na uwezo, na jambo hilo bado linaniuma.

Skrubu ile haikuponya chochote. Ilifanya kile ambacho kidonge cha maumivu hufanya kwa mgonjwa wa malaria: homa inashuka, mgonjwa anasimama, na vijidudu vinaendelea na kazi yao ndani. Tena ubaya wake wa pili ni kwamba inafuta ushahidi. Fundi atakayekuja baada yako hatajua gari lilitoka kiwandani vipi. Atakuta injini yenye magonjwa mawili, lile la asili na lile ulilolipandikiza wewe.

Basi fanya hivi. Anza na moto, kwa sababu ni rahisi na ni wa bei ndogo. Chomoa plagi zote nne uzipange kwa namba zake. Rangi zake zitakuambia mengi. Angalia kifuniko cha distribyuta ya moto kama kina ufa au kutu ya kijani. Upepo wa bahari wa huku kwetu unakula shaba. Kisha chomoa mpira mwembamba unaokwenda kwenye kile kidude cha duara pembeni mwa distribyuta, uuvute kwa mdomo, halafu uzibe kwa ulimi. Ukikaa umeshika ulimi, ngozi ya ndani ni nzima. Ukiachia, imechanika, na kazi yake ilikuwa kuusogeza moto mbele kadiri injini inavyovuta. Gari lenye ngozi iliyochanika husita, na watu huilaumu petroli bure.

Moto ukiwa sawa, njoo kwenye hewa. Hapa kaa. Hapa usiharakishe hata kama mwenye gari ananung'unika. Jaribio la kwanza halina gharama: injini ikinguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Katika mfumo huu hata hewa inayoingia chini ya kile kifuniko ni ya magendo, kwa hiyo injini nzima yenye afya lazima ishtuke, ibadilishe sauti, pengine ikaribie kuzima. Isiposhtuka, jua kwamba tayari kuna upenyo mahali, na ulioongeza haukuleta tofauti.

Kutafuta ulipo, chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe polepole kwenye maungio yote ya manifoldi. Hewa inayonyonywa ina sauti ya mluzi mwembamba ambao sikio tupu haliusikii kwenye kelele ya injini. Ukishuku mahali, dondoshea maji ya sabuni. Yakinyonywa ndani na sauti ikabadilika, umepata. Baadhi yenu nimewaona mkipuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini inayowaka ili mwone kama itaongeza mwendo. Inafanya kazi, sikatai. Lakini manifoldi ya moshi iko karibu nayo, na nitarudi kwenye habari ya moto baadaye.

Usisahau oringi za nozeli. Kila nozeli imekaa kwenye shimo lake kwa kushikwa na oringi ya mpira, na joto la miaka mingi huugeuza mpira ule kuwa kitu kigumu kama kifungo cha shati. Nimefanya kazi kwenye magari ambayo dawa yake ilikuwa oringi nne tu. Usisahau mpira mnene unaokwenda kwenye basta ya breki, na uikanyage breki injini ikiwaka usikilize kama mngurumo unaharibika. Halafu, hata ukiwa umepata kosa jingine, fungua uone ule mpira mpana wa chini ya nyumba ya sahani. Uukunje kwa vidole, upindue, utazame kila mkunjo kwa tochi.

Petroli iwe ya mwisho. Fungua kifuniko cha tanki baada ya safari ndefu. Ukisikia tanki likivuta pumzi kwa nguvu, njia yake ya hewa imeziba na pampu imekuwa ikishindana na tanki. Badilisha filta kama hujui ilibadilishwa lini. Pima pampu kwa wingi, siyo kwa sauti: pampu inayolia inaweza kuwa haisukumi kitu. Chomoa mpira wa kurudishia mafuta kwenye tanki, uelekeze kwenye chombo, iendeshe pampu injini ikiwa imezimwa na betri ikiwa imejaa. Tulizoea kutegemea lita nzima ndani ya sekunde 40. Ikipungua, usikimbilie kununua pampu; angalia kwanza chujio la ndani ya tanki, kisha umeme unaofika kwenye pampu yenyewe, maana relei iliyochoka inaiua pampu kwa njaa.

Kisha geji. Mfumo huu una presha mbili na zote lazima uzisome. Moja ni ya mfumo, bar 5 na ushee. Ya pili inaikandamiza planja kutoka juu, na inatawaliwa na regyuleta ya joto. Injini ikiwa baridi presha hii inakuwa chini sana, planja inapanda kwa wepesi, mchanganyiko unakuwa mzito wa kuamshia. Kadiri bamba la ndani linavyopata joto la umeme, presha inapanda hadi karibu bar 3 na nusu. Sasa ona jinsi geji inavyojibu maswali uliyomuuliza mwenye gari. Gari linalosita asubuhi tu kisha likapona lenyewe, mara nyingi presha yake ya baridi iko juu kuliko inavyopaswa, na injini inaamka na njaa. Gari linalosita likishapata moto na kutoa moshi mweusi, mara nyingi presha haikupanda, pengine kwa waya mmoja uliochomoka kwenye regyuleta. Ungezungusha skrubu kwa yote mawili, na yote mawili ungekosea.

Na kuna petroli yenyewe. Wewe ulikuwa mdogo wakati kuchakachua kuliposhika kasi, mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli na dizeli, hadi mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yatambulike. Petroli yenye mafuta ya taa haigeuki mvuke upesi, hasa asubuhi, na injini husita na kugonga. Toa kidogo kwenye chupa safi. Iache itulie uone kama kuna maji chini. Weka tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha doa la mafuta. Gari la namna hii mara nyingi hukaa muda mrefu bila kutembea, tanki nusu tupu, na kwenye unyevunyevu wa pwani maji na kutu haviko mbali.

Distribyuta ya mafuta usiifungue. Nalisema hili nikijua utakutana na mtu atakayekuambia yeye amefungua kumi. Planja na nyumba yake vimesagwa pamoja kwa nafasi ndogo ambayo jicho haliioni. Ikianguka kwenye sakafu ya gereji, au ikapanguswa kwa kitambaa chenye mchanga, haitarudi ilivyokuwa, na mwenye gari atatafuta nyingine kwa miezi.

Sasa habari ya moto. Kwenye mfumo huu presha haiondoki ukizima injini. Kuna akumuleta inayoishikilia ili gari liwake upesi likiwa la moto. Ukilegeza nati ya paipu bila kufikiri, petroli inaruka kama sindano, juu ya manifoldi au machoni mwako. Ngoja injini ipoe. Chomoa betri. Funika nati kwa kitambaa kinene, ilegeze taratibu uisikie ikipumua. Nozeli ukizitoa kuzitazama zinavyopuliza, ziingize kwenye chupa nne, mlango uwe wazi, asiwepo mwenye sigara wala jiko la mama ntilie karibu, na chombo cha kuzimia moto kiwe mkononi mwa mtu, siyo ofisini ukutani. Nina kovu kwenye mkono wa kushoto ambalo mmekuwa mkiliulizia na mimi nikibadilisha mazungumzo. Lilitoka hapo. Mwenzangu tuliyekuwa naye siku ile alipoteza jicho.

Na tafadhali, acheni kuvuta petroli kwa mdomo. Jana nilimwona mdogo wenu akifanya. Petroli ikikosea njia ikaingia mapafuni hata kiasi kidogo, inaunguza. Huko hakuna maziwa ya kunywa yatakayosaidia. Mpelekeni hospitali, msimtapishe. Sisi wa zamani tuliivuta na kunawia mikono petroli iliyokuwa na risasi ndani yake, ile iliyoondolewa kwenye nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na hakuna aliyetuambia. Nyinyi nimewaambia.

Jambo jingine ni la fedha. Nimesikia mteja wako aliambiwa anunue pampu, kisha nozeli, kisha plagi za bei, na gari bado linasita. Kila kipuri kilichonunuliwa kwa kubahatisha kimetoka kwenye karo ya mtoto wa mtu. Ukiwa hujui, sema hujui, omba siku mbili. Mteja mwenye akili atasubiri, na asiyesubiri atarudi. Andika kwenye daftari ulichopima na ulichokuta, namba kwa namba, umpe nakala. Gari lile litakuwa barabarani baada yangu, pengine hata baada yako, na fundi wa tatu atashukuru kwa ukurasa huo.

Geji yangu imo kwenye sanduku la mbao nililoachiwa na mwalimu wangu wa kazi, pamoja na viunganishi vyake vyote. Njoo uichukue leo jioni. Mwambie mwenye gari aliache gerejini usiku kucha na asiliwashe, wala wewe usiliwashe kulisogeza kivulini, lisukumeni. Presha ya baridi inapimwa mara moja tu kwa siku, alfajiri, kabla injini haijaonja moto. Nitakuja kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi na tochi yangu. Tuanze na geji, kisha kifuniko cha oili.